Njia ya Ng'ombe Isiyomo Katika Ramani

Siku moja ya kiangazi mzee mmoja kutoka upande wa Kitengela alifika ofisini kwetu Kajiado, amechukua bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na nakala ya hatimiliki ya shamba lake, na pamoja nayo kipande cha ramani, kimepigwa mhuri kama ilivyo desturi. Alikitandaza juu ya meza yangu, akakigeuza huku na huku, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu, nionyeshe hapa njia ya ng'ombe wangu ya kwendea mtoni."

Niliitazama ramani ile kwa muda. Niliona mistari iliyonyoka, nambari ya shamba lake, na nambari za majirani zake wanne. Mto niliuona, umepita pembeni kama uzi ulioanguka. Walakini njia ya ng'ombe haikuwako. Nikamwambia, "Mzee, haimo." Akajibu, "Haimo vipi? Baba yangu aliipita, nami niliipita nikiwa mchunga ndama, na ng'ombe wenyewe wanaijua hata usiku."

Mambo yalikuwa hivi. Jirani yake mmoja, aliyenunua shamba miaka michache iliyopita, alikuwa amezungusha seng'enge, nayo seng'enge hiyo ilikata njia katikati. Ng'ombe wa mzee sasa walilazimika kuzunguka mwendo wa saa nzima ndipo wafike majini. Jirani hakuwa mtu mbaya. Yeye naye alikuwa na ramani yake yenye mhuri, na katika ramani hiyo hapakuwa na njia ya mtu wala ya mnyama.

Mzee hakugomba. Alinitaka nitoke naye nje, na pale chini ya mgunga ulio nyuma ya ofisi akainama, akaanza kuchora mavumbini kwa ncha ya fimbo yake. Kwanza alichora mto. Kisha akaweka kijiwe: hapo ndipo penye chemchemi isiyokauka. Akaweka jani: hapo pana magadi ya ardhini ambayo ng'ombe huyalamba. Akachora mviringo: hiyo engang', yaani boma lake, na kando yake olopololi, malisho yanayohifadhiwa kwa ajili ya ndama. Halafu akavuta njia kutoka bomani mpaka mtoni, mstari mrefu uliopindapinda. Mpaka wa shamba aliuchora mwisho kabisa, tena kwa kusitasita, kama mtu anayetafuta jina la mgeni aliyemsahau.

Basi nilikuwa na ramani mbili za mahali pamoja, moja mkononi na moja mavumbini, na kila moja ilikuwa imeyaacha yale ambayo mwenziwe iliyaona kuwa ndiyo makubwa. Jambo hilo halikuniondoka moyoni. Jioni nyingi baada ya hapo nimezitumia kusoma habari za ramani za kale, jinsi zilivyochorwa, na jinsi nchi hii yetu ilivyoonekana ndani yake. Leo nataka kuwaeleza wasomaji machache niliyoyapata, kisha nitarudi kwa mzee wangu.

Wengi wetu tuliosoma katika shule za misheni twaikumbuka ramani ya dunia iliyotundikwa ukutani. Ya darasa letu ilikuwa imechanika pembe moja, na rangi ya Bahari ya Hindi ilikuwa imepauka kwa jua la dirishani. Siku moja mwalimu wa jiografia alituuliza, "Kati ya Afrika na Greenland, ipi kubwa?" Nikanyosha mkono upesi, nikajibu kwamba ni sawasawa, maana ndivyo macho yangu yalivyoona. Darasa zima likakubaliana nami. Mwalimu akacheka, akaandika ubaoni: Afrika, kilomita za mraba zipatazo milioni 30, Greenland, milioni 2 na kidogo. Yaani Greenland yaweza kuingia ndani ya Afrika mara kumi na nne. Kwa upande wa watu tofauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa nchi hiyo yote ya barafu haina hata watu elfu sitini, na mji wa Kitengela peke yake ulihesabiwa kuwa na zaidi ya 150,000 katika sensa ya mwaka 2019.

Mtu aliyeitandaza dunia katika umbo lile la ukutani ni Gerardus Mercator. Alizaliwa tarehe 5 Machi 1512 katika mji mdogo wa Rupelmonde, nchi ya Flanders, katika Ubelgiji ya leo. Baba yake alikuwa fundi viatu, na jina lao lilikuwa Kremer, maana yake mchuuzi. Kijana alipoingia katika masomo alilitia jina hilo katika Kilatini, ndipo akaitwa Mercator. Aliyemsaidia kupata elimu ni jamaa yake aliyekuwa padre, jambo ambalo wasomaji wengi hawatalistaajabia, kwani ni wachache miongoni mwetu waliosomeshwa na mfuko wa baba peke yake.

Alisoma katika chuo kikuu cha Leuven, akajifunza hesabu kwa Gemma Frisius, tena akawa hodari wa kuchonga herufi na mistari juu ya bamba la shaba. Ustadi huo haukuwa jambo dogo. Ramani za siku zile zilichongwa kinyume juu ya shaba, zikapakwa wino, ndipo zikapigwa chapa. Mwaka 1537 alitoa ramani ya Nchi Takatifu, na mwaka 1541 akatoa tufe la dunia. Mwaka 1544 alikamatwa kwa tuhuma ya uzushi wa dini, akafungwa yapata miezi saba katika ngome ya mji ule ule aliozaliwa. Baadhi ya watu waliotuhumiwa pamoja naye waliuawa. Yeye alifunguliwa, akarudi kwenye shaba yake, na mwaka 1552 akahamia Duisburg, Ujerumani, akakaa huko mpaka alipokufa tarehe 2 Desemba 1594. Mwaka uliofuata mwanawe Rumold akakichapisha kitabu cha ramani ambacho baba yake alikuwa amekitayarisha, nacho kiliitwa Atlas. Ndiyo sababu mpaka leo kitabu chochote cha ramani twakiita atlasi.

Lakini kazi iliyomfanya ajulikane ulimwenguni ni ile ya mwaka 1569. Mwaka huo alitoa ramani kubwa ya dunia iliyochapwa katika karatasi 18, na zikiunganishwa upana wake wapita mita mbili. Nakala chache mno zimesalia. Zipo Paris, Basel na Rotterdam.

Taabu aliyotaka kuiondoa ilikuwa taabu ya manahodha. Nahodha husafiri kwa dira. Akitaka kwenda, mathalani, kusini-mashariki, huushika upande huo mmoja siku baada ya siku. Juu ya tufe njia hiyo hujipinda, na juu ya ramani za wakati ule ilijipinda pia, asiweze nahodha kuipima kwa rula. Mercator alitaka ramani ambayo ndani yake njia ya dira moja ingekuwa mstari mnyofu. Sasa msomaji na amenye chungwa, ajaribu kulilaza ganda lake juu ya meza: litapasuka, au litakunjamana. Dunia nayo ni hivyo. Mistari itokayo kaskazini kwenda kusini hukutana katika ncha za dunia, kama vile vipande vya chungwa vinavyokutana penye kikonyo. Mercator aliizuia isikutane, akaisimamisha sambamba kama nguzo za ua. Kwa kufanya hivyo alizipanua nchi zilizo mbali na ikweta upande wa mashariki na magharibi, na ili pembe za dira zisipotoke akazirefusha vile vile kwenda kaskazini na kusini, zaidi na zaidi kadiri alivyokaribia ncha. Penye latitudo ya digrii 60 kila urefu huonekana mara mbili, na kila eneo mara nne. Sisi wa Kajiado, tulio karibu na digrii 2 tu kusini mwa ikweta, hatukuongezewa kitu.

Matokeo yake ni ya ajabu. Kenya ina kilomita za mraba zipatazo 580,000. Uingereza, pamoja na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, haifikii 250,000. Walakini katika ramani ya Mercator Uingereza huonekana imeipita Kenya kwa ukubwa. Nilipoipiga hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia mara tatu, nikidhani nimekosea mahali.

Je, twaweza kumlaumu Mercator? Mimi simlaumu. Mwenyewe aliandika katika kichwa cha ramani yake kwamba imerekebishwa kwa matumizi ya mabaharia. Hakusema kwamba ni ya kupimia ukubwa wa nchi, wala kwamba itundikwe shuleni mbele ya watoto. Hata hesabu ya kuzipanga nafasi za mistari ile hakuichapisha; ilielezwa na Mwingereza Edward Wright mwaka 1599. Ni sisi tuliokuja nyuma tuliochukua chombo cha nahodha tukakifanya kioo cha dunia. Mwezi wa Agosti 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuiacha ramani hiyo katika shule na ofisi, na kutumia ramani kama ile iitwayo Equal Earth, iliyotungwa mwaka 2018, ambayo kila nchi huonyeshwa kwa eneo lake la haki. Ni jambo jema, na mwalimu wangu angelifurahia. Lakini ukubwa wa umbo ni jambo moja, na kilichotiwa ndani ya umbo ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo linalomgusa zaidi yule mzee wa Kitengela.

Pwani yetu ilijulikana mapema. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na tangu hapo wachora ramani wa Ulaya waliandika majina ya Melinde, Mombaza na Quiloa, yaani Kilwa, yakipangwa ukingoni mwa bahari kama shanga. Mtu akiingia bara kidogo kutoka hapo, hadithi nyingine huanza.

Tukichukua kitabu cha ramani cha Abraham Ortelius, rafiki yake Mercator, kilichotolewa Antwerp mwaka 1570, twaona kusini mwa ikweta maziwa mawili makubwa yaliyolala ubavu kwa ubavu, na mto Nile ukitoka huko. Asili ya habari hiyo ni Ptolemy, mtaalamu wa Alexandria aliyeishi katika karne ya 2. Ptolemy alikuwa amepata habari za mfanyabiashara mmoja, Diogenes, ambaye alipokuwa akirudi kutoka Bara Hindi alisukumwa na upepo kwa siku 25 kuelekea kusini, hadi karibu na Rhapta, soko la pwani yetu ya zamani. Kutokana na habari za namna hiyo Ptolemy aliandika kwamba Nile huanzia katika maziwa yanayojazwa na theluji ya Milima ya Mwezi. Kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu maneno hayo yalinakiliwa na mkono baada ya mkono. Mercator naye alizitengeneza upya ramani za Ptolemy na kuzitoa mwaka 1578. Majina ya Uhabeshi nayo yalivutwa kusini mpaka yakaifunika nchi ambayo Wahabeshi hawakuifikia kamwe.

Mercator hakupata kukanyaga Afrika, wala Ortelius. Nisemavyo hivi siwaiti waongo. Walifanya kazi yao kama karani afanyavyo: huandika aliyoambiwa, na mahali asipopata habari mpya hulifungua faili la zamani akanakili. Nalijua jambo hilo, maana nami nimelitenda.

Mwaka 1749 Mfaransa d'Anville alitoa ramani ya Afrika yenye tabia mpya. Yale yote asiyoweza kuyathibitisha aliyafuta, na bara lote la ndani likabaki jeupe. Kwa upande mmoja huo ulikuwa uaminifu mkubwa, nami namsifu. Kwa upande wa pili, peupe pana hatari yake. Mtu aliye mbali huiona karatasi tupu, akadhani nchi nayo ni tupu. Kumbe wakati ule ule wenyeji wa nyanda hizi walikuwa na jina kwa kila chemchemi, na walijua ni mwezi gani nyumbu watatoka mtoni kufuata majani ya mvua, na ni upi watakaorudi.

Habari za bara zilianza kuingia tena katika karatasi, na mara hii zilitoka kwa watu waliokwenda kwa miguu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro na theluji yake, na mwaka 1849 mwenzake Krapf akauona mlima Kenya. Mtaalamu mmoja wa London, W. D. Cooley, alikaa chumbani mwake akasema haiwezekani theluji kuwako karibu na ikweta. Msomaji wa Loitokitok anayefungua mlango asubuhi na kuuona mlima huo mbele yake atacheka. Lakini bwana huyo aliheshimiwa sana katika siku zake, na wengi walimwamini yeye kuliko macho ya aliyefika.

Baadaye Erhardt, mwenzake Rebmann, aliyekaa Tanga mwaka 1854, alikusanya maneno ya watu wa misafara. Kila mmoja, njia yoyote aliyoifuata, alimwambia kwamba mwisho wa safari ni ziwa kubwa. Erhardt na Rebmann wakayaunganisha maziwa yote yakawa bahari moja kubwa mno, yenye umbo kama la konokono asiye na kaka. Ramani hiyo ilitolewa mwaka 1855 na 1856, ikawashangaza wengi, na ikawa sababu mojawapo ya safari za kuyatafuta maziwa yenyewe. Watu wa misafara walikuwa wamesema kweli, kila mtu ziwa lake. Aliyeyaunganisha ndiye aliyekosea.

Kazi iliyonipendeza kupita zote ni ya mwaka 1870. Katika mwaka huo Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilichapisha orodha ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara, iliyokusanywa na mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe. Wakefield hakuzitembea njia hizo. Aliyezitembea na kumtajia ni Sadi bin Ahedi, mtu wa upande wa Gazi katika nchi ya Wadigo. Kituo baada ya kituo, maji yako wapi, chakula kinapatikana wapi, watu gani wanakaa hapo: yote aliyatoa kichwani mwake. Njia zilizopita katika nchi ya Wamaasai zimo. Kwa bahati njema jina lake liliandikwa katika kichwa cha makala ile, na hilo ni nadra, kwani ni wangapi walioeleza kila kitu na majina yao yakabaki njiani?

Mwaka 1883 Joseph Thomson alitoka Mombasa, akapita Taveta, akaingia katika nchi ya Wamaasai, na kitabu chake chenye ramani kikatoka mwaka 1885. Humo twasoma jina la Ngongo Bagas, kituo cha misafara kilicho ukingoni mwa nchi ya Wakikuyu. Jina hilo ni Kimaasai kilichosikiwa na sikio la mgeni. Wenyeji husema Enkong'u e Mpakasi, yaani jicho, au chemchemi, ya mto Mbagathi. Ndipo ilipotoka Ngong tunayoijua leo. Na mto huo Mbagathi ndio unaopita mpakani kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Ukivuka ng'ambo umefika nyanda za Kitengela. Basi katika karatasi ile ya 1885 nchi hii iliingia kwa jina la chemchemi, kama vile mzee wangu alivyoanza kuchora kwa maji.

Miaka ishirini haikutimia kabla ya mistari ya namna nyingine kuanza. Mwaka 1904 Gavana wa wakati ule, ambaye aliitwa Kamishna, Sir Donald Stewart, alifanya mapatano na Olonana na wakuu wengine wa Wamaasai, wakagawiwa sehemu mbili, moja Laikipia na moja kusini, na wakaahidiwa kwamba ni zao daima. Mwaka 1911 mapatano mengine yakafuata, na waliokuwa Laikipia wakahamishwa kusini, watu na makundi yao. Mwaka 1913 Ole Njogo na wenzake walikwenda mahakamani kudai haki yao. Mahakama ikajibu kwamba mapatano yale ni kama mkataba baina ya dola mbili, kwa hiyo hayo si mambo ya kuhukumiwa na mahakama hiyo. Mercator alipokosa habari za maziwa hakuna ng'ombe aliyekufa kwa kiu. Mistari hii ilikuwa na uzito mwingine.

Baada ya uhuru ilikuja sheria ya mwaka 1968 ya mashamba ya pamoja, ambayo wazee wengi bado huyaita kwa Kiingereza, renchi. Kitengela ilikuwa mojawapo, na mwishoni mwa miaka ya 1980 iligawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake na karatasi yake. Kisha mji wa Nairobi ukasogea, wanunuzi wakaja, na vipande vikakatwa vipande. Leo dalali hutuma mahali pa ploti kwa simu, na mnunuzi hutazama kioo akaridhika kabla hajavua viatu vyake vya mjini.

Hapa Mercator anarudi, maana yumo ofisini mwetu. Karatasi za ramani za nchi yetu za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa hesabu iliyotokana na yake, ila ililazwa ubavu na Johann Heinrich Lambert mwaka 1772. Ikitumika katika ukanda mwembamba wa digrii 6, kosa lake halizidi mita moja katika kila mita elfu. Ramani nyingi za simu nazo ni za namna ile ile ya mwaka 1569. Kwa hiyo nikimwambia mzee kwamba mistari ya shamba lake imepotoshwa na Mercator, nitakuwa namdanganya. Kilichokosekana ni njia, na njia haikuliwa na hesabu. Haikuulizwa.

Tena kuna jambo ambalo wenye mashamba wengi hawalijui, nami hulieleza mara nyingi kwa siku. Ramani ya usajili, isipokuwa pale ambapo mipaka imepimwa na kuthibitishwa rasmi, huonyesha mpaka kwa kukadiria tu. Ndivyo isemavyo Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 katika kifungu cha 18. Majirani wakigombania mpaka, hawaanzii mahakamani: humwendea kwanza Msajili wa Ardhi, naye huwaita wote wawili na kuamua. Mtu akitaka mpaka wake uwe wa hakika, aombe uthibitishwe, na majirani wapewe taarifa, na mpimaji aje. Kadhalika haki ya kupita katika shamba la mwingine yaweza kuandikwa na kusajiliwa, ikawa halali hata shamba likiuzwa. Isiposajiliwa hukaa katika vichwa vya wazee, na wazee hawakai daima.

Wenyeji wa Kitengela wenyewe wamekwisha kuonyesha kwamba ramani yaweza kuchorwa na anayeitembea nchi. Mwaka 2004 walishirikiana na wataalamu wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo iliyo Nairobi, wakazunguka nyanda na vyombo vya setilaiti wakiupima kila ua uliosimama. Ilipokamilika, watu waliona kwa macho yao jambo ambalo kila mtu alilijua sehemu yake tu: jinsi seng'enge zilivyoanza kuwafungia njia nyumbu na punda milia watokao mbugani wakati wa mvua, na ng'ombe pamoja nao. Nimeiona ramani hiyo. Haina mapambo hata kidogo, na sidhani kwamba itatundikwa katika jumba la makumbusho karibu na Ortelius, lakini mimi naipenda.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Jirani aliitwa, akaja na simu yake mkononi. Wakakaa na wazee wawili wa pale, nami nikawapo kwa kuwa nilitaka kuiona njia yenyewe. Tulitembea kutoka bomani. Ilionekana wazi, imechimbika kwa kwato kiasi cha nusu futi, ikaenda moja kwa moja mpaka kwenye seng'enge, na ng'ambo ya seng'enge ikaendelea. Jirani alisimama hapo kwa muda mrefu, akiutazama udongo halafu simu, na simu halafu udongo. Mwishowe akasema, "Mzee, nilipokuja kununua kulikuwa na majani marefu. Sikuiona." Akakubali kuweka lango la upana wa hatua nane, na kulifungua asubuhi na jioni.

Niliwashauri waje ofisini haki hiyo iandikwe na kusajiliwa. Walisema watakuja baada ya mvua. Mvua zimekwisha kunyesha mara mbili, na hawajaja.

Siku ile kabla hatujaachana mzee alitoa tena bahasha yake, akaniomba kalamu aichore njia katika ramani yake. Nilimwambia kwamba karatasi yenye mhuri haiandikwi na mtu yeyote, hata mwenyewe. Akafikiri kidogo. Kisha akaniomba karatasi nyingine isiyo na kitu. Nikamchania moja katika daftari langu, naye akailaza juu ya goti, akachora mto, kijiwe, jani, mviringo na njia, akaongeza lango la jirani, akaikunja mara nne, akaiingiza katika bahasha ile ile pamoja na hatimiliki.